Vitanda Nilivyounda Kapsoit

Nilizaliwa mwaka 1972 katika nyumba ya chumba kimoja ndani ya shamba la chai karibu na mji wa Kericho. Mama alichuma chai. Baba alikuwa kiwandani, zamu ya usiku, akilisha boila magogo ya mkalitusi ili majani yakauke. Chumbani mwetu mlikuwa na kitanda kimoja, cha wazazi, kilichofichwa na pazia. Sisi watoto tulilala sakafuni, tumepangwa kuanzia mkubwa hadi mdogo, juu ya magunia yaliyojazwa nyasi kavu.

Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka. Ndiyo sababu chai inastawi hapa, na ndiyo sababu sakafu ya saruji haiachi baridi. Tuliamka na viuno vilivyokakamaa. Kitindamimba wetu alikohoa kuanzia Mei hadi Agosti, na mama alikuwa akimhamishia kitandani kwao usiku wa manane, yeye akakaa macho mpaka kengele ya kazi. Kwa hiyo nilijua thamani ya kitanda kabla sijajua thamani ya pesa. Mtoto akiinuliwa futi moja na nusu tu kutoka sakafuni, usingizi wake ni mwingine, na wa mama yake pia.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 nilikuwa darasa la saba. Ulituletea sanaa na ufundi darasani, na mimi niliyekuwa nyuma katika hesabu za ubaoni nikajikuta mbele katika hesabu za mbao. Nilipomaliza shule niliingia chuo cha ufundi cha vijana, nikajifunza randa, patasi na msumeno, kisha nikaajiriwa kama seremala katika kampuni ya chai. Tulirekebisha milango, madirisha, viti vya shule na vitanda vya zahanati. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini ilikuwa kazi ya kukarabati. Nilitamani kuunda kitu kuanzia ubao wa kwanza. Katikati ya miaka ya 1990 nilichukua akiba yangu nikafungua karakana Kapsoit.

Kapsoit iko kwenye barabara ya Kericho kwenda Kisumu, mahali njia ya Sondu inapochepuka. Anayetoka mashambani hupita hapa, na anayetelemka kwenda Kisumu hupita hapa. Wateja wangu walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa wafanyakazi wa mashamba makubwa, waliokuja siku ya mshahara. Wa pili walikuwa wakulima wadogo wanaouza majani kwa viwanda vya KTDA, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1964. Hao walikuja Oktoba, mwezi wa bonasi. Mkulima akishalipa karo na deni la mbolea, kilichobaki hugawanywa kati ya mabati, ng'ombe na samani. Oktoba ndipo nilipouza vitanda vingi kuliko miezi mingine yote, na vingi kati yake vilikuwa vya dabodeka, yaani vya ghorofa.

Sababu ni chumba. Vyumba vya kupanga katika vituo vyetu vingi ni futi kumi kwa kumi. Weka kitanda cha wazazi, meza, kabati la vyombo na jiko, kisha waulize watoto watatu watalala wapi. Kitanda cha ghorofa huwalaza wawili mahali pa mmoja, na yule wa juu hupata kitu ambacho mimi sikukipata utotoni: mahali pake mwenyewe. Nimeona watoto wakibandika picha za shule ukutani juu ya mto, wakaficha daftari chini ya godoro. Sijawahi kuwalaumu wazazi wanaonunua dabodeka. Nawasifu. Lakini ni kitanda kinachomweka mtoto futi tano juu ya saruji akiwa hana fahamu, na aliyekiunda lazima awe amefikiri kwa niaba yake.

Jambo hilo lilinikaa moyoni mwaka wangu wa tatu Kapsoit. Mtoto wa jirani yangu, wa miaka minne, alianguka usiku kutoka ghorofa ya juu ya kitanda kilichonunuliwa kwingine, akavunjika mkono. Alipona. Baba yake aliniomba niende nikiangalie kile kitanda, nikakifungua kipande kwa kipande. Kizuizi kilikuwapo, kimepakwa vanishi nzuri. Lakini mama alikuwa amenunua godoro nene kwa kumpenda mwanawe, na godoro lilipowekwa, kizuizi kilibaki kimelizidi kwa upana wa vidole viwili tu. Mtoto hakuanguka kwa kuruka. Alijigeuza tu, akabingirika kama anayetoka kwenye meza. Misumari ya miguu ilikuwa imelegea, kitanda kizima kilicheza, na ngazi ilikuwa imeegeshwa tu bila kufungwa.

Pale ndipo nilipoanza kuuliza kabla ya kupima. Swali langu la kwanza kwa mteja likawa: nani atalala juu, na ana miaka mingapi? Akiwa chini ya miaka sita, namwambia mzazi amlaze chini. Mtoto wa umri huo huamka usiku akitaka choo huku macho bado yamefumba, hukumbuka kwamba anataka kushuka, hakumbuki kwamba yuko juu. Wazazi wengine hunijibu kwamba mdogo ndiye anayelilia juu. Nawaambia atapata zamu yake, miaka haichelewi.

Baadaye mteja mmoja, muuguzi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliniletea kijitabu kinachoeleza kanuni za vitanda hivi kule. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya nchi hiyo iliziweka zikaanza kutumika mwaka 2000. Nilikisoma mara nyingi, nikiwa na futi mkononi. Kinasema ghorofa ya juu iwe na vizuizi pande zote mbili, hata upande wa ukutani, na cha ukutani kisiwe na pengo kutoka kichwani hadi miguuni. Wengi wetu tulidhani ukuta unatosha. Hautoshi: kitanda husogea kidogo kidogo, pengo hufunguka kati ya godoro na ukuta, mtoto huteleza humo na kukwama. Kinasema kizuizi kizidi godoro kwa inchi 5 au zaidi. Kinasema pia nafasi kati ya mbao za kizuizi isifikie inchi 3 na nusu. Nafasi kubwa zaidi hupitisha kiwiliwili cha mtoto mdogo lakini haipitishi kichwa, na mtoto huning'inia kwa shingo. Niliposoma sentensi hiyo niliweka kijitabu chini nikatoka nje kidogo.

Siku ileile nilikata kipande cha mbao chenye unene wa inchi 3 na nusu, nikakitoboa tundu na kukining'iniza kwa kamba ukutani mwa karakana. Kila kitanda kikikamilika, kijana mmoja hukichukua kipande hicho na kujaribu kukipitisha katika kila nafasi ya ghorofa ya juu. Kikipita popote, kitanda hakitoki. Baadaye nilipata kujua kwamba viwango vya Ulaya vinataka kizuizi kizidi godoro kwa sentimita 16, yaani zaidi ya inchi 6. Kati ya vipimo viwili nilichagua kilicho kirefu zaidi.

Niliamua hivyo kwa sababu ya mahali tunapoishi. Nyanda za Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mkulima wa chai huijua kwa majani yaliyochanika. Mtoto wa dabodeka huijua kwa sauti. Anayelala ghorofa ya juu katika nyumba isiyo na dari yuko karibu na mabati kuliko mtu yeyote nyumbani, na mawe yakianza kupiga ghafla anakurupuka na kukaa wima kabla hajaamka. Mtoto aliyeshtuka hivyo anahitaji mambo mawili: kizuizi kitakachomrudisha ndani, na nafasi juu ya kichwa. Ndiyo maana hupenda kwenda kuona nyumba kabla ya kukata miguu. Kati ya godoro la juu na boriti au mabati naacha futi mbili na nusu kwa uchache. Nyumba ikiwa fupi, nashusha kitanda chote, ghorofa ya chini ikaribie sakafu.

Mama mmoja aliwahi kusimama mbele ya kitanda nilichomuundia, akakunja uso.

“Fundi, kizuizi hiki mbona kirefu hivi? Mtoto atajiona yuko zizini.”

“Mama, mtoto akilala hakioni. Wewe ndiye unayekiona.”

Alicheka, akalipa, na mwaka uliofuata alimleta dada yake.

Godoro ndilo linaloharibu hesabu za seremala mara nyingi, kwa hiyo nililifanya sehemu ya kitanda. Hapa kwetu magodoro ya watoto huwa ya futi mbili na nusu kwa sita au tatu kwa sita, na unene huanzia inchi 4 hadi 8. Kwa ghorofa ya juu nashauri inchi 4 zilizo imara au 6, zisizidi. Nachora mstari kwa patasi upande wa ndani wa kizuizi kuonyesha uso wa godoro usipite wapi, hata atakayekirithi kitanda miaka kumi baadaye aone. Upana nao lazima ulingane. Familia nyingi huja na godoro la zamani la futi mbili na nusu na kuagiza fremu ya futi tatu ili mtoto akikua wanunue jipya. Nia ni njema, ila hapo pembeni panabaki mtaro wa inchi 6 ambamo mguu au mkono huzama. Mimi naunda fremu ya godoro lililopo, au nasubiri godoro jipya linunuliwe.

Starehe na usalama si maadui, mradi starehe itafutwe mahali pake. Mzazi huitafuta kwenye unene wa godoro, kumbe nusu yake iko kwenye chaga. Chaga zikiwa mbalimbali, godoro huzama katikati yake na mgongo wa mtoto hupinda. Naziweka inchi 3 moja kutoka nyingine, za unene sawa, zilizopigwa randa na msasa pande zote. Kila moja inafungwa kwa skurubu, haiwekwi tu. Mtoto wa chini, akikosa usingizi, huinua miguu na kusukuma chaga za mwenzake wa juu. Nimewahi kuwaona wakifanya hivyo kwa furaha kubwa. Chaga isiyofungwa huinuka kutoka mahali pake, na mbili zikianguka, godoro na aliyelilalia huzifuata.

Ngazi nayo ni ya mguu mtupu, wenye baridi, saa nane za usiku. Vidato vya bomba jembamba huumiza wayo, na mtoto anayeumia hushuka kwa haraka. Naunda vidato bapa vya inchi 3, vilivyopishana kwa kiasi cha inchi 10, na ngazi inafungwa kwa bolti kwenye fremu. Vilevile nalainisha kingo na kujaza kila ufa kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi. Kunguni hukaa katika nyufa za maungio, na kitanda kilichobana vizuri huwanyima nyumba. Chandarua nakipa vishikio vyake: cha juu kinafungwa kwenye nguzo nne fupi, cha chini kwenye kulabu ndani ya fremu, kamba zote zikiwa fupi. Malaria ya nyanda za juu imewahi kuzipiga kambi za chai vibaya, kwa hiyo chandarua si pambo. Lakini kamba ndefu inayoning'inia karibu na shingo ya mtoto sikubali kuiacha.

Yote hayo hayasaidii mti ukikusaliti. Mbao za saiprasi ni nyepesi, zimenyooka na hupokea skurubu vizuri. Mkalitusi una nguvu, lakini hujipinda na kupasuka usipokaushwa kwa subira. Katika mji wa mvua kama wetu ubao mbichi unaonekana mzima siku ya kuuza, kisha chumba chenye jiko huukausha, ulimi wa kiungo unapungua ndani ya tundu lake, na kitanda kinaanza kucheza. Mimi hupanga mbao chini ya paa, juu ya vijiti vinavyopitisha hewa, miezi mpaka uzito wake ubadilike mkononi. Miguu na mbao za kando naziunga kwa ulimi na tundu, kisha nafunga kwa bolti na nati. Msumari peke yake siuamini mahali mtoto anapopanda. Bolti ikilegea, mzazi hukaza kwa spana. Msumari ukilegea, hakuna tiba.

Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Julai 2023. Nilielewa sababu. Mito yetu inatoka msitu wa Mau, na Mau ilikuwa imeumizwa. Lakini karakana nyingi zilitikisika. Mbao zilipanda bei, na soko likajaa miti michanga ya mashambani, yenye vifundo vingi na maji mengi. Wengine walipunguza unene wa miguu ili bei isimkimbize mteja. Mimi nilipunguza idadi ya vitanda. Pia nilianza kushirikiana na fundi wa kuchomelea wa jirani, tukaunda fremu za chuma cha mraba kwa waliozitaka, tukiwawekea chaga za mbao. Chuma ni kizuri na hakipindi, mradi maungio yamechomelewa mzunguko mzima na ncha za mabomba zimezibwa na kusuguliwa. Kizuizi cha chuma kinapimwa kwa kipande kilekile cha ukutani.

Kuna kazi niliyoikataa, nami naifurahia hadi leo. Baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo mwaka 2003, shule za umma zilifurika, na shule nyingi za binafsi zenye mabweni zikachipuka. Mkurugenzi wa mojawapo alikuja kuagiza vitanda.

“Fundi, niundie vya ghorofa tatu. Bweni ni dogo na watoto ni wengi.”

“Mkurugenzi, kwa heshima, kila ghorofa ya kitanda inaongeza watoto. Haiongezi mlango.”

Alikwenda kwa fundi mwingine. Mimi nilikuwa nikiikumbuka mioto ya mabweni: shule ya Bombolulu kule Kwale, mwaka 1998, walikofariki wasichana 26. Nilikuwa nikiikumbuka Kyanguli kule Machakos, mwaka 2001, walikofariki wavulana 67, madirisha yakiwa na vyuma na mlango mmoja umefungwa. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 ulikuja kuandika wazi: kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2, njia ya katikati isipungue mita 2, milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma. Nilibandika vipimo hivyo karakanani, na shule iliyoagiza kwangu nililipima bweni lake kwanza. Vitanda vikizidi nafasi, niliuza pungufu. Kisha ukaja usiku wa Septemba 2024 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, wavulana 21 wakafariki kwa moto bwenini. Miezi iliyofuata serikali ilifunga mabweni ya shule za msingi zaidi ya 300. Mimi ni seremala, najua kwamba kitanda hakiwashi moto. Ila najua pia kwamba kitanda ndicho kinachoamua kama mtoto aliyeamka gizani atapata njia.

Somo hilo nalipeleka hadi kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, kwa maana nacho kina mlango mmoja na dirisha la vyuma. Ninapofikisha kitanda nakiunganisha mwenyewe humo ndani. Ngazi naielekeza mlangoni. Jiko na taa ya mafuta vinahamishwa mbali na godoro na chandarua. Balbu inayoning'inia karibu na ghorofa ya juu namwomba mwenye nyumba aisogeze. Halafu namwambia mtoto mkubwa apande na kushuka mbele yangu, uso wake ukielekea ngazi, mara ya kwanza na taa, mara ya pili bila taa. Mzazi naye namwonyesha bolti zote na kumwachia spana. Akizikaza kila mwanzo wa muhula, kitanda kitawalea hata wajukuu.

Siku hizi kazi nzito nimewaachia vijana. Ninakaa karibu na mlango, nikipima na kufundisha. Barabarani kwetu sijaona mkaguzi akipita kukagua nafasi za vizuizi. Vitanda vinatandazwa kando ya lami, vinang'aa, na mzazi huchagua kwa bei na rangi kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kingine cha kuangalia. Kwa hiyo fundi ndiye mkaguzi, na kama fundi hajui, mtoto hana mtetezi. Natamani mitihani ya gredi za useremala iwe na swali moja la vitanda vya watoto. Kijana anayeomba cheti apewe godoro la inchi 6 na mbao zilizokauka, aambiwe aunde ghorofa ya juu. Akianza kukata kabla ya kuuliza mtoto ana umri gani, arudishwe akasome.